Cherehani ya Dirishani

Litembelo, 3 Juni 2025

Mwanangu Eufrasia,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima, isipokuwa magoti, ambayo siku hizi yamegoma kupanda kilimani kutafuta mtandao. Ndiyo maana nakuandikia. Tena simu hukata hoja katikati, barua haikati. Wewe u mzima? Joto la Maskati halijakuyeyusha?

Leo nimempigia makofi mwanasiasa. Rudia kusoma kama huamini. Miaka kumi na moja nimewaandikia viongozi kwamba kijana wa kijijini si mzigo, wala si tarakimu ya kupamba hotuba. Ni mtu mwenye mikono miwili inayosubiri kazi. Miaka kumi na moja wakaniita Mzee Barua. Leo mheshimiwa amekuja na lori, akakata utepe wa kituo cha ushonaji pale basi linaposimama, mkabala na kanisa. Cherehani kumi, Frasia, mpya. Sare za shule zote za tarafa zitashonwa hapa. Nimeigusa moja kwa mkono wangu, bado ina mafuta ya kiwandani.

Tangu mama yako atutoke, nyumba hii ina sauti moja tu, nayo imechoka kujisikiliza. Huko uliko, serikali yao inawafanyia nini watu wa vijijini? Nijibu kwa hoja.

Baba yako,
Kasiani


Khuwair ya Kusini, Maskati, 30 Juni 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, ingawa joto la mwezi huu hata kitasa cha mlango hakishikiki. Pole na magoti. Ile dawa ya kuchua niliyokutumia ujipake mwenyewe, usimpe jirani.

Umeuliza. Hapa serikali inawatafuta vijana wa vijijini, inawaingiza kazini, na wakiwa wanafundishwa inachangia mshahara wao. Dukani kwetu ameletwa Hadeel, binti wa Qantab, kijiji kidogo cha ufukweni nyuma ya milima. Kaja hajui hata kutunga uzi kwenye sindano. Bi Masouda, mwenye duka, amenikabidhi mimi nimfundishe.

Bupe, tunayeshona naye, ananicheka. "Mfundishe kushona, usimfundishe kukata. Akijua kukata, wewe watakuweka wa nini?" Unajua mwenyewe, Baba, anayeshika mkasi ndiye fundi, wengine wanafuata mstari wake. Miaka sita nimeutafuta mkasi huo hadi nikaupata. Nifanyeje?

Mwanao,
Eufrasia


Litembelo, 29 Julai 2025

Mwanangu,

Salamu nyingi. Magoti yanaendelea na mgomo wao. Dawa nimempa jirani, ana mgongo mbaya kuliko magoti yangu.

Mwambie Bupe kwamba hiyo ni hoja ya njaa, na njaa hata ikishinda mjadala haijawahi kuwa sahihi. Huyo binti wa Qantab ni wewe. Huenda naye ana baba aliyeandika barua hadi vidole vikaota sugu. Serikali yake imefanya lile ninaloidai yangu, halafu binti yangu mimi awe ndiye wa kulikwamisha? Mfundishe kukata. Fundi anayeficha mkasi ni mwizi aliyevaa vizuri.

Wala usiogope ya mbele. Hapa kituo kinakwenda vizuri sana. Viongozi wametimiza ahadi, tuwapongeze. Ile cherehani ya dirishani, inayotazama kanisa, nimekuombea, nayo imeandikwa jina lako. Hata mkasi upo.

Baba yako,
Kasiani


Khuwair ya Kusini, 2 Septemba 2025

Baba,

Shikamoo. Natumaini unalala vizuri na unakula. Mimi nala, kulala ndiko kunanisumbua.

Nimemfundisha. Wiki iliyopita Hadeel alikata abaya ya bibi harusi peke yake. Bi Masouda akaigeuza ndani na nje, akasema mashallah. Siku mbili baadaye akaniita. Kibali changu kinaisha mwanzoni mwa Novemba, na nafasi yangu ni ya Hadeel. Ndivyo ilivyopangwa tangu siku alipoletwa, ila Bi Masouda hakuwa na mdomo wa kuniambia. Alilia kabla yangu. Ananiomba nihamie nyumbani kwake, Madinat Sultan Qaboos, nimtunze mama yake mzazi.

Hadeel simchukii. Nimejaribu, nimeshindwa. Kila asubuhi ananiletea mkate aliouchoma mama yake, umefungwa kitambaa ili usipoe.

Sasa nikuulize mimi. Katika barua yako ya mwisho hukuisema serikali vibaya hata mara moja. Nilicheka, kisha nikaogopa. Baba, ile cherehani ya dirishani ipo? Kama haipo, niambie. Nitakwenda kwa Bi Masouda, wala sitakulaumu. Ukinyamaza nitajua ipo, maana sijawahi kukuona ukinyamaza mbele ya uongo.

Mwanao,
Eufrasia


Litembelo, 24 Septemba 2025

Mwanangu,

Mimi mzima. Leo sina salamu ndefu.

Cherehani haipo. Siku ile ya utepe, barua yangu ya furaha nilikuwa nimeshampa Mwalimu Noel aipeleke posta, ndipo nikasikia lori likinguruma tena. Lililozileta ndilo lililozibeba, zote kumi, likaenda kuzindua kituo kijiji cha pili, na kesho yake cha tatu. Sisi tumeachiwa kufuli na bango. Nimeuliza, nikaambiwa nisubiri awamu ijayo.

Ningekuambia. Lakini mimi niliyemshinda kila mtu hapa kwa maneno, kufuli lile lilininyamazisha. Na nilitaka urudi. Hiyo ndiyo hoja yangu yote, mengine ni mapambo. Nimekuamuru umpe mtu kazi yako, huku nikikuahidi kazi isiyokuwepo. Usirudi, Frasia. Nenda kwa Bi Masouda.

Baba yako,
Kasiani

14 Oktoba. Barua hii imekaa ndani ya Biblia siku ishirini. Kila Noel alipokwenda posta nilimwambia sijaimaliza. Nilikuwa nimeimaliza. Leo anaipeleka.


Khuwair ya Kusini, 10 Novemba 2025

Kaka Kasiani,

Salamu za kheri, na magoti yako Mungu ayape nguvu. Hatujaonana, lakini nna miaka sita nasikia habari zako. Mimi ndiye Masouda, mwenye duka.

Barua yako imefika jana. Eufrasia kapanda ndege Alhamisi. Nimeifungua nikidhani ina jambo la haraka, unisamehe. Nimempigia, laini yake ya huku keshaifunga.

Nilimsihi abaki, wallahi nilimsihi. Akanambia, "Baba yangu kanyamaza, Bibi. Basi ipo." Mkasi wake kamwachia Hadeel, kasema huko kwenu wamemwekea mwengine. Tangu jana, nilipomfasiria barua yako, Hadeel hataki kuugusa. Nakuletea pamoja na barua hii.

Liko neno moja nalo zito kuliandika. Alisema akishuka kwenye basi atapitia kwanza kituoni, aichungulie cherehani yake dirishani, ndipo aje kukuamkia. Kwa hisabu yangu, basi limefika leo asubuhi.

Dada yako,
Masouda