Siku Nzi Walipokosekana

Hillsborough, Carriacou
3 Februari

Dada Verlyn,

Salamu nyingi. Za wodini? Huku wazima, isipokuwa goti langu, ambalo nadhani lilizaliwa kabla yangu.

Natangaza kwa taadhima zote: tangu Jumatatu, mdogo wako ni mwongoza watalii mwenye beji! Kwenye picha nimefumba macho, lakini mhuri ni wa serikali. Mgeni wangu wa kwanza ni Bibi Halvorsen, mwalimu mstaafu. Mkoba wake ni duka la dawa: ya mbu, ya jua, ya tumbo. Maji ya bomba hata mswaki wake hauyaonji. Kesho nampeleka kisiwa cha mchanga, nimpikie pwani.

Mdogo wako,
Alston

St George's
5 Februari

Alston,

Hujambo? Mimi sijambo, mgeni wako ndiye mwenye jambo. Ameletwa kwetu na boti ya jana. Anatapika, midomo inamchonyota, moyo unapiga polepole mno. Nikimpa maji baridi analia kwamba yanamuunguza. Maneno hayamtoki vizuri. Alikula nini? Hupokei simu, ndiyo maana nakuandikia tena baruapepe.

Dada yako,
Verlyn

Hillsborough
5 Februari

Dada,

Pole na kazi. Alikula kuku na wali. Labda ni jua. Wageni na jua unawajua. Msalimie.

Alston

St George's
6 Februari

Alston,

Leo sikuulizi hali. Mapigo yameshuka tena. Daktari anataka kumpeleka ng'ambo kwa ndege, awekewe mashine moyoni. Nawe kuku hujawahi kumpika akaiva. Mama angekuuliza mara moja tu, nami nauliza mara moja: alikula nini?

Verlyn

Hillsborough
6 Februari

Dada,

Mkimbilie daktari sasa hivi, mwambie: samaki, mzia. Mkubwa, wa mwambani. Nakuja na boti ya saa nane, nimwambie Bibi mwenyewe.

Unakumbuka Mama alivyotufunza: mpasue, mweke wazi, nzi wakitua ndipo uwashe moto; wasipotua ana sumu, mtupe. Nilimweka. Hakutua hata mmoja. Bibi alikuwa amejipulizia dawa ya mbu hadi nikapiga chafya, nikamtania, "Bibi, umenifukuzia hata nzi!" Akacheka. Beji kifuani, mgeni ana njaa. Nikakaanga.

Najua mnasema hospitalini kwamba nzi hawajui sumu. Sawa. Lakini nilipompakulia aliniuliza, "Wewe huli?" Nikamwambia nimeshiba.

Nilikuwa sijatia kitu kinywani tangu asubuhi.

Mdogo wako,
Alston