Shujaa Tuliyemwacha Ndani ya Gari

Jumapili

Hata kinyago hakimkai sawa! Ningekuwa mimi fundi wao, lile vazi ningelifumua lote. Magoti yamelegea, kwapani linavuta, na huyo ndiye wa kuokoa nchi vitani.

Ni filamu ya zamani ya mfululizo, isiyo na rangi, ambayo binti yangu Neema ameipata kwenye simu. Kule kwetu Bukavu Baba alikuwa akitafsiri sinema kwa sauti kwenye ukumbi wa video. Leo alianza tena, akalia kama king'ora, akafokeana na majasusi. Tangu tufike huku ugenini Jeppestown sijamsikia hivyo. Neema, ambaye humjibu kwa Kiingereza tu, alizima sauti ya simu ili amsikie yeye.

Sehemu ya kwanza iliisha gari la shujaa likitumbukia korongoni. Neema akataka kufungua inayofuata.

"Acha kwanza," Baba akasema. "Nikitoka hospitali nitawaambia alivyopona."

Wanampasua kesho. Wiki nzima naogopa, sijamwambia mtu.

"Eish, sawa Babu," Neema akasema. "Tutakungoja." Kwa Kiswahili.

Basi leo nimeombea wawili: Baba, na yule wa magoti yaliyolegea, ambaye bado yuko hewani ndani ya gari lake.