Chunjua za Fundi Yakubu

Mama Mshauri mpendwa, nisaidie, maana watu wa Koboko wananiona nina kiburi nami sina. Mimi ni Yakubu, fundi cherehani sokoni Arua, nimemposa Hajara wa Koboko, lakini vidole vyangu vya mkono wa kulia vimeota chunjua ngumu kama punje za mahindi, wateja wakiona nashika nguo zao wanakunja uso, basi nikaenda kwa daktari wa ngozi, naye badala ya kutibu vidole akanipaka dawa karibu na bega, mahali pazima kabisa, pakavimba, pakatoka malengelenge, pakawasha hata kushona nikashindwa, nikasema huyu ama haoni ama ananifanyia mzaha, sikurudi tena.

Kisha nikaenda kujitambulisha kwa mjomba wa Hajara, Mzee Hamuza, mkono wa kulia nimeuficha mfukoni, mzee akanyoosha wake nami nikainama tu kama mtu anayetafuta sindano, ikaletwa chai yenye sukari, na unajua sukari siku hizi hupatikana kwa magendo tu, nikapokea kikombe kwa mkono wa kushoto. Mzee akamgeukia Hajara: "Huyu kijana iko na maringo. Kama anakataa mkono yetu, binti yetu anataka ya nini?"

Nje Hajara akaniuliza, "Mkono yako iko na nini?" Nikasema nimeungua na pasi. Sasa nimejifunga kitambaa, na ametuma habari kwamba Ijumaa anakuja na shangazi yake kuniuguza kwa mafuta ya kondoo. Rafiki yangu Tahiru, fundi wa magari, anasema nichome chunjua kwa maji ya betri, angalau niwe nimeungua kweli. Nifanye hivyo?

Yakubu, Arua

Yakubu mwanangu,

Kwanza weka chini hayo maji ya betri. Tahiru atengeneze magari. Vidole vyako si lori, na vikiliwa na asidi utashona kwa meno?

Pole kwa malengelenge, lakini daktari hakukosea mahali. Chunjua huletwa na kijidudu kinachojificha ndani ya ngozi, mwili usikitambue. Dawa ile inauchokoza mwili. Begani mwili unafundishwa kuichukia, na kule kuvimba ni alama kwamba umejifunza. Baadaye hupakwa nyepesi juu ya chunjua zenyewe, mwili unakuja kwa hasira kupigana na dawa na kumkuta mwizi, yaani kile kijidudu, palepale. Ni tiba mpya, inawasha, na si kila mtu inamfaa. Lakini wewe ulikimbia kazi ikianza! Mteja akichukua kanzu yenye mkono mmoja, akatangaza sokoni kwamba hujui kushona, ungefurahi?

Hujarogwa, wala chunjua haziletwi na kushika chura kama watu wasemavyo. Usizikune, usiziume, na taulo yako iwe yako peke yako.

Sasa Hajara. Msichana anayetoka Koboko na mafuta ya kondoo kwa ajili ya mkono wako, unamwogopa nini? Ijumaa fungua kitambaa kabla hajakaa, umwambie: "Si pasi. Ni chunjua. Niliona haya." Akikasirika, anaukasirikia uongo, na hapo unastahili, nyamaza usemwe. Halafu nenda kwa Mzee Hamuza, mwonyeshe vidole, umwombe radhi kwa kile kikombe, maana mkono wa kushoto umemuumiza kuliko chunjua mia.

Na Jumatatu, kabla hujafungua duka, uwe mlangoni kwa daktari. Mwambie ulikimbia. Atacheka, kisha atakutibu.