Tumbo la Kaka Dhondu

Parel, Bombay
Desemba 1925

Kwa kaka yangu mpendwa Dhondu,

Naigusa miguu yako kutoka huku mbali. Wifi yangu hajambo? Watoto je? Na yule ng'ombe mkorofi amezaa, au bado anakupiga mateke tu? Mimi sijambo kabisa, ila sauti imenikauka kwa vigelegele, na nadhani tayari umesikia sababu.

Kaka, ushuru umeondolewa! Ule wa nguo zinazofumwa humu humu nchini, ambao Waingereza walitubandika tangu hatujazaliwa ili nguo za kwao zisikose soko. Wenye viwanda waliulalamikia miaka yote, na mwaka huu wakaona dawa yake ni kutukata sisi mishahara. Ndiyo maana tuligoma. Tangu mvua zinakatika mpaka baridi inaingia, hakuna bomba la kiwanda lililotoa moshi hapa.

Sikufichi, njaa ilituuma. Wengi walipanda meli wakarudi makwao. Ulipoagiza kwamba nami nirudi, kwa kuwa kiwanda kimenitupa kama ulivyotabiri, nilifunga mzigo. Jirani yangu Bayja, mjane kama mimi, ambaye tunaviringisha uzi pamoja, akanikuta nimeukalia mzigo wenyewe nalia. Akaniambia, "We Rakhma, ukirudi sasa huyo kaka'ko atakusimanga mpaka uzeeke. Weka nadhiri kwanza kwa Mama Jakhadevi. Mzigo haukimbii." Basi nikaenda hekaluni kwake na wanawake wenzangu, nikaweka.

Siku ya habari njema, msimamizi wetu Ganu alipanda mbio ngazi za jengo tunamokaa, kiatu kimoja kimemtoka, akipiga kelele kwamba serikali imesimamisha ushuru na mishahara inarudi ile ile ya zamani. Hakuna aliyemwamini, maana Ganu hudanganya hata umri wake. Mpaka alipoapa kwa jina la mama yake ndipo jengo zima lilipolipuka kwa shangwe. Tulishikana mikono tukazunguka wawili wawili, na Bayja, ambaye kila siku analalamikia magoti, alinizungusha mpaka nikaanguka. Asubuhi king'ora kilipolia nilikuwa wa kwanza getini. Uzi ulipoanza kupita vidoleni mwangu nililia tena, safari hii kwa furaha.

Sasa kaka, kaa chini kama umesimama, maana kuna jambo sijakuambia. Ni hiyo nadhiri.

Wenzangu waliahidi nazi, wengine jogoo. Mimi moyoni nilikuwa na kitu kimoja tu. Tangu nifiwe na mume wangu nikaja kiwandani bila ridhaa yako, hujala kwangu. Umekuja Bombay mara mbili, na mara zote umekaa pale kwenye ngazi na bhakri zako, mikate ya mtama ya nyumbani uliyoifunga kwenye kitambaa, kana kwamba mimi si wa tumbo moja nawe. Iliniuma, kaka, kuliko njaa ya mgomo. Kwa hiyo nilisema kwa sauti, wanawake wote wakisikia, "Mama, ushuru ukiondoka na mishahara ikirudi, kaka yangu Dhondu atakula chakula cha mkono wangu, chumbani mwangu, mpaka ashibe."

Bayja alishika kichwa. "Mwenzetu, watu huahidi kilicho chao! Wewe umemwahidi Mama tumbo la mtu?" Lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Hata mzee anayeniandikia barua hii ameweka kalamu chini, anacheka mpaka machozi, na anasema nikuulize kama wewe una kichwa kigumu kuliko serikali.

Nami nakuuliza hivyo hivyo. Waingereza wamelegea, matajiri wamelegea. Mama Jakhadevi ametimiza upande wake wote, na sasa anakungoja wewe.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na umpakate mdogo kwa niaba yangu. Bayja anakusalimu. Ganu naye anakusalimu, na anataka kujua unamaliza bhakri ngapi kwa mlo mmoja, maana hapa jengoni watu wameshaanza kuwekeana dau.

Kwa mshahara wa kwanza nimenunua sahani ya shaba. Naisugua kila siku, na hakuna aliyekula ndani yake bado.

Ni mimi dada yako,
Rakhma