Muhali Umeshindwa, Rukia

Shoga yangu Rukia,

Assalaam alaykum, wewe uliyetutangulia. U hali gani huko? Namuomba Mola akupanulie kaburi na akutilie nuru. Mimi mzima, alhamdulillahi. Hili jicho langu moja, uliloliokoa watu walipokuwa wakipiga kelele "Mpakeni asali!", ndilo ninaloandikia. Nakukumbuka ulivyonishikilia kichwa chini ya mfereji: "Tulia, Zuwena. Bado. Bado!" Mpaka kanga yako ikatoboka kwa ile tindikali.

Na kesi yangu unaikumbuka. Mtaa mzima ulimuona aliyenimwagia, lakini watu walikuwa wakipika na mama yake shughulini, wakiswali na baba yake safu moja. Kila aliyeitwa akaona haya kumuaibisha jirani, akasema, "Muhali." Ukenda kutoa ushahidi peke yako, na haukutosha. Uliporudi ulivua viatu mlangoni ukasema, "Huu muhali iko siku tutaukalisha kitako." Halafu ukalia.

Basi sikiliza, shoga yangu.

Mwanaidi, binti wa jirani yangu hapa Ng'ambo, alikataa posa ya binamu yake. Jamaa akamvizia uchochoroni na chupa ya tindikali. Ukelele haujesha, wanawake washafika na ndoo! Hakuna aliyetaja asali, Rukia. Maji tu, yale niliyokuwa nikiwasomesha kila tukimaliza maulidi, mpaka wakinicheka, "Bi Maji kaanza." Shingo imeungua, na shavu. Macho yote mawili mazima.

Wazee wa ukoo wakaja. "Kijana ni damu yenu, yaishe nyumbani." Nikamuona baba yake Mwanaidi anainama, anatafuta neno la kukubali. Unajua wewe kwamba ninja yangu, hii nikabu ya kufunika uso, haikuwa ya dini, ilikuwa ya kujificha. Nikaivua mbele yao. Nikawaambia, "Nitazameni. Muhali ukiwa na uso, ndio huu."

Baba mtu akanyanyuka, machozi yanamtoka, akasema, "Tutaonana mahakamani."

Na mtaa ukenda, Rukia. Mabenchi yalijaa mabuibui. Wakili akamuuliza Bi Time, muuza urojo, kama kweli alimuona mtu yule. "Mwanangu," akamwambia, "nilimuona kama ninavyokuona wewe, na hiyo kola yako imekunjika." Hata hakimu aliinamia karatasi zake asionekane anacheka. Mmoja baada ya mmoja wakasimama, na wale wale walioniambia mimi muhali, nao wakasimama.

Kafungwa. Mwanaidi alitoka nje uso wazi, kovu linang'aa juani, vigelegele mpaka barabarani. Nikageuka nikushike mkono... Nikasahau kidogo kwamba hupo.

Sasa nakwenda sokoni Darajani bila ya ninja. Watoto wengine wanashangaa, nami nawaamkia. Yule muuza betri za magari aliyekuwa akipima tindikali kama anayepima siki, tumemwendea mimi na Mwanaidi, tukasimama tu mbele yake. Siku hizi hamuuzii asiyemjua.

Nakuahidi, shoga yangu: popote kisiwani atakapomwagiwa mtoto wa mtu, nitakwenda na ndoo, na siku ya kesi nitakaa benchi la mbele, uso wazi, mpaka mwisho.

Mola akulaze pema. Nijibu basi, hata ndotoni, na usikawie.

Wako, Zuwena