Uso wa Morisi

Baba, shikamoo. Marahaba yako nimeisikia hata kabla Hamza hajaumaliza mstari huu. Magoti yanasemaje? Kikohozi kimekuacha? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku Uingereza imeniingia mpaka kwenye meno, na moyo hautulii. Nimeandika kwa sababu simu ni ya Hamza, na kila nikitaja gari hukatika. Barua haikatiki. Hamza, mdogo wangu, msomee Baba kama ilivyoandikwa, usiruke.

Nianze na jema. Jumapili iliyopita wazee wa mji huu walileta magari yao ya kale kwenye uwanja ulio nyuma ya nyumba ya wazee ninapofanya kazi. Ni magari madogo ya kabla ya vita vikuu vya pili, yamesuguliwa yakameta. Nilikuwa nasukuma kiti cha magurudumu cha bibi mmoja ninayemtunza, nikasimama ghafla hata akageuka kunitazama. Mbele yetu lilikuwepo la kijani kama letu, mabawa ya matairi yameinuka, taa mbili zimekodoa macho. Nikafumba macho, kama ulivyokuwa ukitufunga macho kwa mtandio wa Mama na kutuambia tulitambue gari letu kwa vidole.

"Gari hujulikana kwa uso," ulikuwa ukisema. "Ostini ya rika lake, uso umepakwa rangi moja na mwili. Morisi ana fremu ya kung'aa kuzunguka rejeta. Shika hapa, laini, baridi." Kijiji kizima cha Kwaluguru waliliita letu Ostini, nawe ukabishana nao mpaka wakachoka. Basi nimeigusa fremu, Baba. Ni Morisi. Nililia mbele za watu, sitaficha.

Mwenye gari akaniuliza nimelijuaje. Nikamwambia baba yangu analo, liko bandani nyuma ya nyumba yetu. Akafurahi sana. "Mpaka leo lipo?" akauliza. Hapo nikageuza kiti cha bibi, tukaondoka.

Hamza, usisite, endelea kusoma. Baba, siku nyingi sasa Hamza ananiambia hukai tena garini, eti nyoka koboko ameingia chini ya kiti. Koboko gani huyo asiyehama wala kuuawa? Nikaomba picha ya gari. Nikaletewa picha ambayo banda limeezekwa makuti, na makuti tuliyashusha tukaweka bati kabla sijasafiri. Kisha Shangazi, yule anayeuza machungwa Segera, akaniambia ameona lori la chuma chakavu likielekea Dar, na juu yake boneti ya kijani. Shangazi naye macho yake tunayajua, aliwahi kumkumbatia kondakta akidhani ni mjomba. Kwa hiyo sina hakika, na hilo ndilo linalonitesa. Nakunja shuka za wazee, nazikunjua, nazikunja tena. Nachemsha chai, naisahau. Juzi bibi yangu wa kiti aliniambia nikae chini, namtia kizunguzungu.

Hamza, sisemi una roho mbaya. Najua mahindi yamekauka shambani, na mimi niko mbali, mzigo wa nyumba umekuangukia wewe. Lakini kama umeliuza, ungeniuliza. Ungemwuliza mwenyewe. Babu aliliendesha gari lile miaka yote aliyokuwa dereva wa meneja wa mkonge kule Korogwe, na mzungu alipoondoka akamwachia. Mama aliletwa nalo bi harusi kutoka Korogwe, amekaa kushoto kwa Baba, mlango umefungwa kwa kamba ya katani kwa kuwa kitasa kilikuwa kimekufa. Alikuwa akicheka kila akitusimulia, eti alifika kwa mume akiwa amefungwa kama mbuzi wa mnada.

Baba, tangu Mama atutoke unakaa kwenye usukani, na kiti cha kushoto hutaki mtu akikalie. Najua mle ndani unamwona, kwa sababu kwingine kote macho yako yamekataa kuona. Ndiyo maana sitaki mtu akutungie nyoka.

Nisalimie Shangazi, na asininunie kwa maneno ya kondakta. Mama mdogo wa Mazingara mwambie dawa ya miguu nimeipata. Wifi yangu, mke wa Hamza, naye nampenda sana, ingawa siku hizi nikimwuliza habari za gari ananijibu habari za kuku.

Hamza, usiikunje barua bado. Mshike Baba mkono, mpeleke bandani sasa hivi. Baba, ukifika nyoosha mkono mbele, usawa wa kiuno, uitafute fremu. Ukiikuta, laini, baridi, nipigieni nimwombe mdogo wangu radhi, na koboko wake pia. Mkono ukishika hewa, usimwulize kitu. Simama hapo hapo, usimwachie mkono, mpaka aseme mwenyewe.

Mwanao,
Zaituni