Reli Iliyolika

Mjukuu wangu Rukia,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba sana. Hapa Nguvumali sote wazima, na shangazi yako amejifungua mtoto wa kike.

Unauliza utajuaje kama mashine kuukuu ya kukereza chuma inafaa kununuliwa. Umenichangamsha kweli! Miaka ya hamsini, mimi na babu yako tukiwa maharusi, tulikwenda shamba moja la mkonge karibu na Muheza, walikokuwa wakiuza mashine mbili. Moja ilimeremeta kwa rangi mpya, nyingine ilijaa kutu. Babu yako alikuwa fundi chuma, na ile ya rangi aliipenda papo hapo.

Mimi nilikuwa msusi wa mikeka, vidole vyangu vimezoea kutafuta kosa. Nikapitisha ukucha juu ya reli ya ile ya rangi, ile njia ya chuma ambayo kisu cha kukerezea huteleza juu yake. Karibu na kichwa cha mashine, ukucha ukajikwaa.

"Bwana, hapa pamelika," nikasema.

Muuzaji akacheka. "Bibie, huu si mkeka."

Babu yako hakucheka. Alipitisha ukucha wake palepale, nao ukajikwaa. Kisha akaiendea ile ya kutu, akaifuta reli kwa mafuta ya taa. Ukucha ukateleza mwanzo hadi mwisho!

Tukaichukua hiyo. Kutu husuguliwa ikatoka, lakini reli iliyolika huharibu kila kazi. Basi mwanangu, mguso wako utangulie maneno ya muuzaji.

Ekseli ya kwanza aliyoikereza kwa mashine hiyo ilitoka sawasawa pande zote. Babu yako akainyanyua mbele ya wateja, akasema kwa sauti, "Mashine hii kaichagua mke wangu."

Bibi yako,
Mwanaidi